Ngoma Isiwe ya Mgeni Rasmi Peke Yake

Wazee hawakuupa mji huu jina kwa mzaha. Wapo wasemao kwamba wapagazi waliotoka bara na pembe mabegani, walipoiona bahari baada ya miezi njiani, walisema: sasa tubwage moyo. Wapo wasemao kuwa hicho kilikuwa kilio cha waliofungwa minyororo, ambao hapa ndipo walipokata tamaa ya kuiona tena nchi yao. Wenye historia waendelee kubishana. Mimi nashika lile lililomo katika kauli zote mbili: moyo ni mzigo, na mzigo unataka pa kutuliwa. Nauliza basi, ndugu msomaji, mkazi wa Bagamoyo wa leo anautua wapi?

Mvuvi ambaye chombo chao kilipinduka na mwenzake hakuonekana, keshokutwa yuko ufukweni anashona nyavu, kimya. Mama wa Mlingotini aliyekesha na mwani wake akaukuta umeoza kwa joto la maji, anaambiwa avumilie. Binti aliyekatizwa shule anaambiwa ameyataka. Dawa yetu kwa wote hawa ni neno moja: jikaze. Hospitali ya wilaya ipo, lakini ni wangapi watakaopanga foleni wakamwambie daktari kwamba kinachouma si tumbo? Neno sonona tumelisikia redioni. Tukirudi nyumbani twasema fulani karogwa, au ana kiburi.

Na mji wenyewe ndio huu! Chuo cha Sanaa kilianza hapa mwaka 1981, na tangu 2007 twakiita TaSUBa. Tamasha lake limekuwa likiwaita watu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hapa aliishi marehemu Hukwe Zawose, Mgogo ambaye ilimba yake ilisikika hadi Ulaya. Lakini hebu hesabu ni lini ngoma hulia. Waziri anafika. Mradi unazinduliwa. Watalii wameshuka kwenye basi. Tumeifanya ngoma kuwa mtumishi wa mgeni rasmi, na aliyefiwa tumemwachia neno la pole.

Haikuwa hivyo zamani. Mtaalamu wa Marekani, John Janzen, katika kitabu chake cha 1992, alieleza jinsi neno ngoma, kutoka kwetu huku hadi kusini mwa Afrika, lilivyobeba mdundo na uponyaji kwa pamoja. Dar es Salaam ilikuwa mmoja wa miji aliyofanyia utafiti wake. Bibi zetu hawakuhitaji kitabu. Mtazame mwanamke wa pwani aliyekaa na wenzake wakisuka ukili. Miyaa imekwisha chanwa na kutiwa rangi, vidole vinakwenda vyenyewe, macho yako chini. Hapo hakuna anayemkodolea mwenzake macho, na kwa sababu hiyo maneno hutoka. Moja linatoka leo, jingine kesho kutwa, na akinyamaza hakuna amshangaaye, maana mkono unaendelea. Mjane akiwa katika eda yake, miezi minne na siku kumi, kazi ya namna hii humsogezea siku. Mkeka ukishonwa ukaisha, anacho kitu cha kuonyesha kwamba siku zile hazikupita bure.

Wenzetu wa Ulaya walilifikia jambo hili kwa njia yao. Mchoraji Adrian Hill, Mwingereza, aliugua kifua kikuu, akawa anachora kitandani, akawashawishi na wagonjwa wenzake. Mwaka 1942 akaipa kazi hiyo jina la tiba kwa sanaa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, tawi la Ulaya, lilitoa ripoti iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000 juu ya sanaa na afya. Huenda sasa tutasadiki, kwa kuwa jambo limerudi kwetu kwa meli.

Siri yake si uchawi. Mtoto asiyethubutu kusema baba anampiga mama, anaweza kumpa fisi wa hadithi sauti ya baba yake. Aliyesema ni fisi. Mtoto yuko salama nyuma yake. Ndivyo walivyofanya Penina Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipoanzisha Tuseme mwaka 1996: wasichana wa sekondari walichunguza wenyewe yanayowakwaza, wakayatungia maigizo, wakayacheza mbele ya walimu wao. Na miaka ya 1980 sanaa za namna hiyo zilikwisha fika hapa hapa kwetu, Msoga. Hatuanzi sifuri, tumelala tu.

Najua watakaoniambia kwamba mwenye njaa hahitaji kuchora, anahitaji unga. Kweli, apewe unga. Lakini aliyevunjika moyo hata jembe halimkai mkononi. Wengine watasema nawarudisha watu kwenye pepo. Shehe wangu, padri wangu, sijataja pepo. Nimetaja ukili, karatasi na hadithi. Wala sisemi ngoma ichukue nafasi ya daktari. Mwenye kusikia sauti zisizokuwapo, au anayetaka kujiua, apelekwe hospitali leo hii, asingoje mdundo.

Ninachokiogopa zaidi ni sisi wenyewe tutakapoanza. Tutaandaa mashindano, tutatoa zawadi kwa mchoro mzuri, na mtoto aliyechora bahari isiyo na mtu atatoka wa mwisho. Kisha aje mfadhili na kamera, na michoro ya machozi ya watu itundikwe ukutani kwa ajili ya ripoti. Hapana! Kazi ya mgonjwa ni mali yake. Asiyetaka kuonyesha asionyeshe. Anayetaka kuichana, aichane.

Kwa hiyo wenye dhamana msikie. Mwanafunzi wa sanaa anayetumwa kwenye mafunzo kwa vitendo, apelekwe pia wodini na katika shule za Kaole na Zinga, huku afisa ustawi wa jamii akiwa karibu wa kumpokea atakayehitaji msaada mkubwa zaidi. Wavuvi wasiitwe ukumbini, wafuatwe bandani kwao nyavu zikiwa mapajani. Fedha zipo: ni zile tunazokodia turubai, viti vya kufunikwa vitambaa na vipaza sauti kwa hotuba ya saa moja. Na kama mgeni rasmi atapenda kuja siku hiyo, karibu. Avue viatu, aketi mkekani, apewe miyaa.