Simu Isome Mfuko wa Mbolea, Picha Ibaki kwa Mkulima

Mkulima wa chai wa Sotik na kuli wa Mombasa huenda wasikutane maishani, lakini riziki zao zinategemea barabara moja. Chai ya bara inateremka kuja kuuzwa katika mnada uliohamia mjini humu kutoka Nairobi mwaka 1969. Nayo mbolea inayopitia bandari yetu inapanda kwenda huko, mfuko wa kilo 50 juu ya mwingine, hadi mji huo ulio kwenye njia ya Kericho na Kisii. Katikati kuna zaidi ya kilomita 600, maghala, malori na mikono mingi. Kila mzigo unapobadilisha mikono, kosa linaweza kuingia.

Kosa lenyewe huwa dogo kwa macho. Mbolea inayotumiwa sana na wakulima wetu wa chai ni NPK 26:5:5. Ghala hilohilo linaweza kuwa na 17:17:17, au 23:23:0 ya mahindi. Mifuko ni ya kilo zilezile, imerundikwa pamoja, na jua linazama huku dereva akitaka kuondoka. Lakini mfuko wa 26:5:5 una kilo 13 za naitrojeni, na wa 17:17:17 una kilo 8.5 tu. Chai ni zao la majani, na naitrojeni ndiyo inayoyaleta. Anayepewa mfuko usio wake amepoteza kilo nne na nusu za kile alichokusudia kununua.

Tena hasara haimwangukii aliyekosea. Mkulima mdogo anayeuza majani kupitia KTDA huchukua mbolea kwa mkopo, kisha gharama ikakatwa kwenye malipo yake. Akigundua kosa wakati mbolea imeshamwagwa shambani, makato yanabaki palepale na yeye hana cha kuonyesha. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Hapa ndipo naona simu ya mkononi ina kazi. Kamera ya simu ya kawaida siku hizi inaweza kusoma maandishi ya mfuko, ikatambua nembo na rangi, ikalinganisha na oda na kulia pale vitu visipolingana. Huu si mzaha wa Ulaya. Programu ya Nuru ya PlantVillage, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State pamoja na taasisi ya IITA, huangalia jani la muhogo na kutaja ugonjwa wake, kwa Kiswahili, hata pasipo intaneti. Ikiwa simu inatofautisha madoa ya jani, haitashindwa na tarakimu kubwa zilizopigwa chapa kwenye mfuko.

Hata hivyo tusiuziwe mbuzi kwenye gunia. Kamera huona upande wa nje wa rundo, kwa hiyo mifuko iliyofichwa katikati ya lori haiwezi kuihesabu. Lazima ipigwe picha mmoja mmoja inaposhushwa. Na kubwa zaidi, inasoma maandishi, haionji kilichomo. Mwaka 2024 wakulima wa Kenya waliuziwa mbolea duni kupitia maghala ya NCPB, katika mpango wa ruzuku ya serikali. Sakata hilo lilifika Bungeni, ambako wabunge walipiga kura ya kumng'oa Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Mithika Linturi, kabla ya kamati teule kusema madai dhidi yake hayakuthibitishwa. Simu yoyote ingeusoma mfuko wa aina hiyo na kusema uko sawa. Udanganyifu huo unahitaji maabara, wakaguzi na sheria inayouma.

Basi tuipe simu kazi inayoiweza: kuzuia mchanganyiko, na kuweka ushahidi. Hilo la pili ndilo ninalolisisitiza. Picha zikikaa kwa karani wa ghala peke yake, tumempa mwenye nguvu silaha nyingine. Mkulima akilalamika ataambiwa mtambo umesema mzigo ulikuwa sahihi. Kila picha ya makabidhiano inafaa iwe na saa, mahali na namba ya mkulima, na nakala imfikie kwenye simu yake papo hapo. Asiye na simu ya kamera apewe stakabadhi ya karatasi, kama anavyopewa anapopimiwa majani kituoni.

Ombi langu kwa viwanda vya chai vya Bomet na Kericho, na kwa wasafirishaji wetu hapa Pwani, ni kuanza na msimu mmoja wa mbolea na vituo vichache. Mfuko ukikataliwa na simu, usimame hapo hapo hadi mtu auangalie. Na mkulima asikatwe hata shilingi kabla picha ya mfuko wake haijamfikia.