Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Jeraha lisilo na fomu

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni daktari wa kinywa na meno katika hospitali ya wilaya, na huu ni mwaka wangu wa tisa kazini. Idara yetu ina watu wawili, mimi na tabibu wa meno mmoja. Akienda likizo, wilaya nzima inabaki mikononi mwangu.

Nianze na sindano. Mwaka juzi nilikuwa namchoma mgonjwa ganzi, akashtuka akanidaka mkono, sindano ikanichoma kidole cha shahada. Saa moja haikupita nikawa nimenawishwa, nimejaza fomu, nimepimwa, nimekabidhiwa kopo la dawa za kinga za siku 28. Hakuna aliyeniona dhaifu. Kila mtumishi wa afya anajua dawa zile zisicheleweshwe kupita saa 72, na kila mganga mfawidhi anajua amfanyie nini mtu wake. Utaratibu ule umeokoa wengi, nami nawashukuru kwa dhati wote walioujenga.

Mwaka huu nimeumia mahali pasipo na fomu.

Ilikuwa Jumanne. Tulianza na mtoto wa miaka saba, jipu la jino limemvimbisha shavu hadi jicho linafumba. Kumbe nyumbani alikuwa akitishiwa siku zote: ukisumbua nakupeleka kwa daktari akung'oe jino. Alipoliona koleo alilia mpaka akatapika, tukamshika watu watatu. Akafuata mzee ambaye jino lilimkatikia ndani, mzizi ukagoma dakika arobaini nzima, shingo yangu imepinda upande uleule ilikopinda jana na juzi. Wa tatu nilikuwa katikati ya kumchonga jino umeme ukakatika. Nikamwekea dawa ya kuziba ya muda, nikamwomba radhi, arudi kesho.

Saa sita nilifunga mlango kwa ndani, nikakaa kwenye kiti cha mgonjwa. Mikono ilikuwa inatetemeka. Kwenye benchi nje walibaki watu kumi na mmoja, na nilimsikia mmoja akiuliza kama daktari amekwenda kunywa chai. Mhudumu akagonga, akagonga tena. Nilitaka kumwitikia, sauti haikutoka.

Anayekuja kwetu anakuja na maumivu na hofu kwa pamoja, na hofu yenyewe anatuogopa sisi. Tunafanya kazi ndani ya kinywa, kwenye nafasi ya vidole vitatu, mwenye kinywa akiwa macho na anatutazama usoni. Siku nzima unabembeleza, siku nzima unaomba radhi. Sisemi kazi yetu inaizidi ya nesi wa wodi ya wazazi anayezalisha usiku peke yake, wala ya mwalimu mwenye watoto mia darasani. Naeleza niliyoyaona mimi.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu wa aina hii kuwa ni matokeo ya msongo wa kazi uliodumu bila kushughulikiwa, na likauhesabu kuwa jambo la kazini. Naomba tulishike neno hilo. Kama jambo limezaliwa kazini, basi dawa yake haiwezi kuwa kumwambia mtumishi ajikaze, au asali zaidi. Mimi nasali, Mheshimiwa, na Jumanne ile nilikuwa nimesali.

Sasa niende wapi? Hospitali yetu ina kliniki ya afya ya akili kila Alhamisi. Benchi lake linatazamana na dirisha la dawa. Anayeandikisha majina ni rafiki yangu, na mfawidhi atakayejua nimetibiwa nini ndiye anayepima utendaji wangu. Kwa hiyo nilisafiri kwa basi kwa muda wa saa tano hadi mkoa mwingine, kazini nikiwa nimeaga kwamba naenda harusini. Pale mapokezi dada aliniuliza kazi yangu. Nikasema mkulima. Daktari alinisikiliza vizuri, akaniambia nina sonona, akanianzishia dawa na ushauri nasaha. Lakini kwenye basi la kurudi nililia kwa sababu ya lile neno moja. Miaka mitano ya chuo na tisa ya kazi niliikana mbele ya dirisha la mapokezi.

Wenzangu wanaoficha si wachache, na wapo waliofika pabaya kuliko mimi. Kanuni yetu ya Adhabu imelihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Mahakama Kuu ya Kenya iliona mwaka 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo hakipatani na Katiba yao. Najua sheria haibadilishwi na wizara yako peke yake, ila sauti ya Waziri wa Afya ndiyo ya kwanza kusikilizwa katika hili. Mtu aliyefikwa na mawazo hayo anahitaji daktari haraka, na hatamfuata akidhani polisi wako njiani.

Ninachoomba kinaanzia karibu zaidi. Tupewe mshauri nasaha wa watumishi aliye nje ya wilaya na nje ya mlolongo wa wakubwa wetu, anayepatikana hata kwa simu, ambaye kumbukumbu zake haziingii kwenye jalada la mtu la ajira. Baraza la Madaktari Tanganyika litoe waraka, hata wa ukurasa mmoja, kwamba kutibiwa sonona peke yake hakumpokonyi mtu leseni, kwa maana hiyo ndiyo hofu inayotuziba midomo. Na daktari wa meno aliye peke yake wilayani apate wa kumshikia kiti japo wiki mbili kwa mwaka, kutoka hospitali ya mkoa.

Wiki ijayo narudi kliniki kwa mara ya tatu. Safari hii, kwenye fomu ya ruhusa, nimeandika sababu yenyewe. Iko mezani kwa mfawidhi tangu Ijumaa, bado hajaisaini.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Daktari wa kinywa na meno, hospitali ya wilaya