Kwa fundi cherehani tunapimwa, kwa fundi baiskeli je?

Fundi alinisimamisha mgongo ukutani, akanipa daftari nilibane katikati ya mapaja, kisha akachora mstari wa chaki ukutani. Akapima mkono wangu toka begani hadi kwenye ngumi. Akaniuliza ninabeba nini na ninapita wapi. Nikamjibu kwamba nabeba madaftari ya kidato cha pili na cha tatu, na njia yangu ni ile ya kupanda Irente. Akakunja futi yake taratibu.

"Mwalimu," akasema, "miaka yote hii umeendesha baiskeli ya mtu mwingine."

Nina urefu wa mita 1.91. Nafundisha fizikia hapa Lushoto, na kwa miaka sita nimekwenda kazini kwa baiskeli ya mlimani niliyoinunua dukani, yenye magurudumu ya inchi 26. Muuzaji alipandisha tandiko hadi mwisho wa bomba, akasema imenikaa. Haikunikaa. Magoti yalikaribia kugonga usukani, kiuno kilianza kuuma mwaka wa pili, na kwenye mteremko nilihisi uzito wangu wote umetangulia mbele ya gurudumu. Mara mbili nilirushwa juu ya usukani. Mara ya pili nilivunjika mkono wa kulia, nikafundisha muhula mzima nikiandika ubaoni kwa kushoto.

Kwa hiyo nilikwenda kwa mzee huyu, ambaye kibanda chake kiko nyuma ya soko, kuomba aniundie baiskeli kuanzia mwanzo. Alichukua mabomba ya fremu mbili za zamani za chuma, akayakata kwa vipimo vya ile chaki, akayaunganisha kwa shaba iliyoyeyushwa kwa gesi. Rimu, matairi na foku ya inchi 29 nilivipata Arusha, kwenye baiskeli ya mtumba iliyopinda fremu. Wengi hudhani ungeweza kuchomeka magurudumu hayo kwenye baiskeli ya kawaida ya 26. Haiwezekani: tairi litagusa fremu, na breki hazitaifikia rimu. Gurudumu kubwa linataka baiskeli iliyozaliwa nalo.

Nilikaa kibandani siku alipofunga spoku, 32 kwa kila gurudumu, kila moja ikikatiza nyingine tatu kabla ya kufika kwenye rimu. Alipomaliza kunyoosha hakutumia kipimo chochote. Alizigonga kwa ukucha mojamoja akisikiliza. Iliyotoa sauti nzito aliikaza robo mzunguko. Darasani nafundisha kwamba uzi ukikazwa sauti yake hupanda. Mzee huyu hakumaliza darasa la saba, na anaijua kanuni hiyo kwa vidole.

Jumamosi iliyofuata, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya paa za nyumba, niliipanda kwa mara ya kwanza.

Nitasema kwanza kilichonikera. Kuondoka ni kuzito. Gurudumu kubwa lina uzito zaidi na uzito huo uko mbali na kitovu, hivyo mizunguko ya kwanza ya pedeli inaidai miguu. Kwenye kona kali karibu na mwanzo wa mlima nilipanua mno na kuingia kwenye majani. Kwa mita mia mbili hivi nilifikiri nimepoteza fedha zangu.

Kisha barabara ikaanza mawe. Njia ya kupanda Irente ni udongo mwekundu uliochimbwa na mvua, mawe yametokeza, na mizizi ya mikaratusi imeikatiza njia. Baiskeli ya zamani ilikuwa ikigonga kila jiwe na kusita, na kila ikisita ninapoteza kasi niliyoitolea jasho. Hii ilipanda juu ya jiwe na kuendelea. Gurudumu la mbele, ambalo zamani liliinuka kila nilipokazana kwenye mwinuko, lilitulia chini. Pumzi yangu ilikuwa ileile na miguu ileile, lakini kasi iliyokuwa ikimezwa na mawe sasa ilibaki mikononi mwangu.

Kuna mahali maji ya mvua yamekata mfereji unaovuka njia. Kwa miaka sita nimeshuka hapo na kusukuma. Mama mmoja anayeteremsha kabichi sokoni hunikuta hapo mara nyingi, na asubuhi hiyo tulikutana tena.

"Mwalimu, leo hushuki?"

"Leo sishuki, mama."

Gurudumu la mbele lilizama kidogo, likapanda ukingo wa pili, la nyuma likafuata. Sikusimama kumweleza chochote. Nilisikia tu akicheka nyuma yangu, kicheko cha mtu aliyefurahi pamoja nawe.

Kule juu Irente nilikaa ukingoni nikatazama Mazinde na mashamba ya mkonge chini kabisa, nikijua kwamba bado kazi ya mteremko. Ndipo vipimo vya chaki vilipojibu. Zamani nilikuwa nimewekwa juu ya baiskeli kama mzigo kwenye keria. Safari hii mikono ilifika ilipopaswa kufika na uzito ukakaa katikati ya magurudumu mawili. Nilifika mjini viganja havijafa ganzi.

Jumatatu niliwapa kidato cha tatu hesabu. Gurudumu la inchi 26 pamoja na tairi lake lina kipenyo cha karibu sm 67. La 29, karibu sm 74. Yote mawili yamegota kwenye jiwe la sm 10. Je, nguvu ya kulisukuma kila moja lianze kupanda inatofautianaje? Walichora, wakakokotoa, wakapata kwamba gurudumu kubwa linahitaji nguvu pungufu kwa karibu asilimia 8. Ni kidogo ukiiandika. Izidishe kwa mawe yote ya kutoka Lushoto hadi Irente.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Marehemu baba yangu alikuwa na baiskeli ya Phoenix, kama nusu ya wanaume wa kijiji chetu. Rimu ya Phoenix ile ya inchi 28 ina kipenyo cha milimita 635. Rimu ya baiskeli yangu mpya, hii inayoitwa 29, ina milimita 622. Ndiyo, rimu ya baba ni kubwa kuliko yangu. Jina la 29 linatokana na unene wa tairi tu. Gurudumu kubwa la kupita njia mbaya tulikuwa nalo tangu zamani, tukalicheka kuwa ni la wazee wa shamba, tukakimbilia 26 kwa sababu ilikuja na gia na rangi za kung'aa.

Na hiyo 26 haikuchaguliwa na mtu yeyote kwa ajili ya milima. Vijana wa Marin County, California, walioanza mashindano yao ya kuteremka mlima mwaka 1976, walitumia baiskeli kuukuu za Schwinn kwa sababu ndizo zilizokuwa na matairi manene, na matairi hayo yalikuwa ya inchi 26. Joe Breeze alipounda baiskeli yake ya kwanza ya mlimani mwaka 1977 akafuata kipimo hichohicho, na dunia nzima ikamfuata. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1999 ndipo kampuni ya WTB ikatoa tairi nene la kweli la inchi 29. Mwaka 2012, kwenye Olimpiki ya London, Jaroslav Kulhavý wa Jamhuri ya Czech alichukua dhahabu akiendesha magurudumu ya 29. Yaani kwa zaidi ya miaka ishirini watu walipanda milima kwa kipimo kilichotokana na kilichokuwepo stoo.

Simwambii kila mtu anunue 29. Mke wangu ana urefu wa mita 1.55, nilipompandisha kwenye baiskeli yangu, hata tandiko likiwa chini kabisa, vidole vyake havikugusa ardhi. Fundi alipompima alimwambia abaki na 26, ila fremu fupi zaidi na usukani wa karibu. Hilo ndilo ninalolitetea. Hatukubali suruali moja ivaliwe na ukoo mzima, tunakwenda kwa fundi cherehani tunapimwa, lakini baiskeli ambayo mtu anaipanda kila siku, akiwa na mzigo na pengine mtoto nyuma, tunaichukua dukani kwa rangi.

Fremu na kazi yote ya fundi vilinigharimu shilingi 260,000. Anazo mkononi kazi tatu nyingine na hana mwanafunzi hata mmoja. Vijana wanaokuja kibandani wanataka kujifunza pikipiki. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, inafundisha uchomeleaji na inafundisha magari. Naiomba iongeze uundaji wa baiskeli, kukata fremu na kufunga magurudumu, wazee kama huyu wakiwa bado wana macho ya kuongoza moto wa gesi. Waagizaji nao walete rimu na matairi ya 29, maana tairi langu likichanika leo sina pa kulipata karibu zaidi ya Arusha.

Wewe unayesoma, kama kiuno au magoti yanakuuma baada ya kuendesha, usiinunue nyingine bado. Ipeleke uliyonayo kwa fundi wa mtaani kwako, uvae viatu unavyoendeshea, ubebe mzigo unaoubeba kila siku, umwambie akupime.