Kujenga Mwaloni na Kumjaribu Mungu

Katika mvua za mwaka 2024 Ziwa Tanganyika liliingia kanisani kwetu. Hatusemi kwa mfano. Mtaa mmoja wa usharika wetu, ulioko mwaloni kusini mwa Ujiji, ulikuwa na jengo la matofali ya kuchoma na paa la bati. Maji yalipanda polepole, wiki hata wiki, yakafika kizingitini, kisha kwenye mabenchi ya nyuma, kisha madhabahuni. Tulitoa vitabu vya nyimbo, tukatoa kinanda, mwisho tukatoa msalaba. Tukasali nje chini ya mwembe. Na Jumapili ile tulihubiri mahubiri ambayo leo tunayaonea haya.

Tulihubiri kwamba hizi ni ishara za nyakati. Tukawaambia akina mama waliopoteza vichanja vyao vya dagaa, na wavuvi ambao nyumba zao zilikuwa zimebaki paa tu juu ya maji, kwamba watubu. Kisha tukapitisha kapu la sadaka ya kulijenga kanisa upya. Palepale.

Tunaandika haya tukiwa wachungaji wa mwambao, na maneno yetu hayaelekezwi kwanza kwa serikali wala kwa mataifa yenye viwanda. Wapo wanaoyasema hayo vizuri kuliko sisi, na wanasema kweli: watu wa Kigoma hawakuichafua hewa ya dunia, na deni hilo lina wenyewe. Lakini deni la mwenye kiwanda halihamishi choo kilichochimbwa hatua kumi kutoka majini. Sisi tunataka kusema na kanisa, yaani na sisi wenyewe. Tunasema kwamba kanisa la mwambao limegeuza uzembe kuwa imani, na kwamba kumwambia mtu aliyejenga mwaloni, “Mungu atakulinda,” bila kumsaidia kupanga atakwenda wapi maji yakija, si faraja. Ni kumjaribu Mungu kwa kutumia nyumba ya mtu mwingine.

Tuanze na ziwa lenyewe, maana mahubiri mengi mabaya hutokana na kutolijua. Mito mingi huingia Tanganyika, Malagarasi na Rusizi ikiwa mikubwa, lakini unaotoka ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo karibu na Kalemie. Maji mengine yote huondoka kwa jua. Kwa hiyo mvua zikizidi miaka kadhaa mfululizo ziwa hupanda, jua likizidi hushuka, na mlango wa Lukuga ukizibwa na tope na majani, ziwa hungoja mpaka litakapousukuma. Ndivyo ilivyokuwa katika karne ya 19. Mwaka 1871, Stanley alipomkuta Livingstone pale Ujiji, maji yalikuwa jirani na mji. Leo mgeni anayetazama kumbukumbu yao inambidi atembee ili alione ziwa. Miaka michache baada ya mkutano ule Lukuga ulifunguka, na Edward Hore, mmisionari wa London Missionary Society aliyefika Ujiji mwaka 1878, alikwenda akayaona maji yakitoka kwa nguvu. Katika miaka iliyofuata ziwa lilishuka kiasi cha mita kumi.

Watu wakafanya nini? Wakayafuata maji. Wakalima pale yalipokuwa, wakajenga, wakazaa, wakazika. Mvua kubwa za mwanzoni mwa miaka ya 1960 ziliporudisha ziwa juu, wakapanda kidogo mlimani, na lilipotulia wakateremka tena. Wazee wa mwaloni wanalikumbuka jambo hilo. Tungewauliza kabla ya kuweka jiwe la msingi, wangetuonyesha kwa fimbo maji yalifika wapi. Hatukuwauliza. Tulipewa kiwanja bure, na kitu cha bure hakiulizwi sana.

Kwa hiyo ziwa kupanda si jambo geni. Jambo geni ni haraka yake, wingi wa watu waliomo njiani mwake, na joto. Tangu mwaka 2003 watafiti wamekuwa wakichapisha habari kwamba maji ya juu ya Tanganyika yanapata joto, na kwamba maji hayo ya moto hukaa juu ya yale ya baridi kama mafuta yanavyokaa juu ya mchuzi. Chakula cha samaki kiko chini kabisa, katika ziwa lenye kina kinachopita mita 1,400, na upepo usipokoroga vya kutosha hakipandi. Dagaa hupungua, na migebuka wanaowala dagaa hupungua nao. Ukiongeza nyavu zetu zenye macho madogo na taa zetu zinazoongezeka kila giza la mwezi, utaelewa kwa nini uvuvi ulifungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024. Kwa watu wa mwaloni ule mambo mawili yaliangukia mwaka mmoja: maji yalichukua nyumba, na kufungwa kwa ziwa kukachukua kazi. Na kanisa lilikuwa na mahubiri.

Tunazijua hoja za ndugu zetu, maana zilikuwa zetu. Wa kwanza husema ni adhabu ya dhambi. Huyu asome Luka 13, habari ya watu walioangukiwa na mnara wa Siloamu, aone kama Bwana alikubali kuwapima marehemu kwa mizani hiyo. Mama anayeanika dagaa Katonga hana dhambi kuliko mwenye ghorofa mlimani. Tofauti yao ni mwinuko wa kiwanja.

Wa pili huutaja upinde wa mvua wa Mwanzo 9 na kusema gharika haiji tena. Lakini ahadi ile ni ya dunia nzima kutoangamizwa. Haikuandikwa kuwa bima ya jengo lililo hatua thelathini kutoka majini. Waliofurikiwa Gatumba kule Burundi nao wanaujua upinde, na makanisa yao yalijaa kama yetu.

Wa tatu ndiye mgumu zaidi, kwa sababu anaonekana mcha Mungu. Anasema kupanga ni kukosa imani. Sisi Walutheri hatuna udhuru wa kusema hivyo. Mwaka 1527 tauni ilipoingia Wittenberg, Luther aliandika barua kujibu swali kama Mkristo anaruhusiwa kuikimbia. Yeye mwenyewe alibaki kuwahudumia wagonjwa, na aliwataka wachungaji na wenye mamlaka wasiziache kazi zao. Lakini waliokataa dawa na tahadhari kwa jina la imani aliwakemea kwamba wanamjaribu Mungu, na akawauliza kama mtu akitumbukia majini asiogelee, eti kwa kuwa ni mapenzi ya Mungu. Tulisoma barua hiyo chuoni, tukafanyia mtihani, tukafaulu. Kisha tukaja kuchunga watu wa ziwani na tukaisahau.

Ibilisi naye, katika Mathayo 4, alinukuu Maandiko vizuri sana alipomtaka Bwana ajitupe kutoka kinara cha hekalu.

Tumtazame Yusufu katika Mwanzo 41. Alipokwisha kumfasiria Farao ndoto hakumwambia afunge na kuomba. Alimwambia atafute mtu mwenye akili, aweke wasimamizi, atenge sehemu ya tano ya mavuno katika miaka ya shibe. Ufunuo na ghala vilikuja katika pumzi moja. Sisi tumeuchukua ufunuo, ghala tumeliachia mashirika.

Na tusijidai kwamba hatujui la kufanya. Katika vijiji vya jirani na Gombe mradi wa TACARE wa Taasisi ya Jane Goodall umekaa na wanavijiji tangu mwaka 1994 juu ya miti na matumizi ya ardhi, kwa sababu pale mlima na ziwa vimeachiana ukanda mwembamba tu, na mlima ukinyolewa miti, mafuriko huja kutoka mgongoni pia. Vikundi vya BMU vinaijua mialo yao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeipa halmashauri ya kijiji kazi ya kuisimamia ardhi yake, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Mkutano mkuu wa kijiji ukiitishwa kujadili mipaka hiyo, mchungaji yuko wapi? Kwa kawaida yuko kwenye kikao cha kupanga harambee.

Hapa lazima tuwe wakweli. Mita 60 ni rahisi kwa mtu mwenye kiwanja kingine. Mvuvi hawezi kulala mlimani huku mtumbwi na injini viko mwaloni, na anayeanika dagaa lazima awepo alfajiri vipe vinapoingia. Kumwambia “hama” bila kumwonyesha pa kuhamia ni ukatili uliovaa sheria. Ndiyo maana tunasema mpango. Kinachofanyika majini kibaki majini: mtumbwi, kichanja, kibanda cha nyavu, vitu vya kuhamishika. Kinachomfanya mtu awe na makao kipande juu: kitanda, choo, kisima, shule, kaburi, na kanisa. Alama za maji ya 1964 na ya 2024 zichorwe kwenye nguzo ambazo kila mtoto atapita akiziona. Vyoo viwe vya kwanza kuhamishwa, maana kipindupindu hakingoji mtu amalize kujenga. Tulikiona Kagunga mwaka 2015, ndugu zetu wa Burundi walipokimbilia pale kwa maelfu. Na VICOBA vya akina mama wetu, ambavyo vina nidhamu kuliko hazina zetu nyingi za usharika, viwe na mfuko wa miezi ya kufungwa ziwa, na usharika utie humo sehemu ya sadaka ya mavuno. Sehemu ya tano, kama Yusufu. Tukishindwa, ya kumi.

Haya hatuwezi kuyafanya peke yetu, wala si vizuri tuyafanye peke yetu. Ujiji ulikuwa na misikiti kabla Mlutheri yeyote hajafika hapa. Maji yalipoingia hayakuuliza nani anasali Ijumaa na nani Jumapili, na waliotusaidia kubeba mabenchi walikuwa vijana waliotoka swala ya alasiri. Sheikh na mchungaji wakisimama pamoja mbele ya mkutano wa kijiji kusema kwamba kuhama si kumkufuru Mungu, watu watasikia jambo ambalo afisa wa wilaya peke yake hawezi kuwaambia.

Limebaki jambo linalotuuma zaidi. Usharika wetu una ekari tatu kule juu, ardhi kavu isiyofikiwa na maji katika kumbukumbu ya mzee yeyote. Imetengwa kwa nyumba ya mchungaji na kituo cha mafungo. Ramani imekwisha kuchorwa; ina baraza zuri linalotazama ziwa. Chini yake, katika mahema na vyumba vya kupanga, wanaishi washarika wetu na majirani zao ambao nyumba zao zilianguka. Tumewaombea kila Jumapili kwa majina tukiwa na ekari tatu mfukoni.

Baraza la usharika litakaa kabla mvua za Novemba hazijashika. Katika ajenda kuna hoja mbili. Ya kwanza inaomba fedha za mabati ili jengo la mwaloni lirudishwe palepale, kwa kuwa maji sasa yameshuka kidogo na baadhi ya wazee wanasema ziwa limekwisha kutulia. Ya pili ni yetu: kanisa lihamie juu, kiwanja kipimwe upya pamoja na halmashauri ya kijiji, familia zilizopoteza nyumba zipewe viwanja humo bila kuulizwa dini, na nyumba ya mchungaji ingoje. Tumeambiwa hoja hii itawakasirisha waliochangia ramani. Tumewaomba waje kwenye kikao, na kabla ya kikao wateremke nasi mwaloni, ambako alama ya tope bado inaonekana ukutani, juu kidogo ya madhabahu.