Ziwa Tanganyika lilindwe kuanzia Kasulu na Kibondo

Ulinzi wa Ziwa Tanganyika uanzie kwenye miteremko ya Kasulu na Kibondo, si ufukweni Kigoma peke yake.

Maji mengi ya wilaya hizi hukusanywa na Malagarasi, mto wenye bonde kubwa kuliko mito yote inayoingia ziwani. Mlima ukikatwa miti, mvua hushuka na udongo. Watafiti waliochunguza miamba ya ziwa hili walikuta aina chache zaidi za samaki na viumbe wadogo pale tope lilipotanda. Mwani hukosa mwanga, na samaki wanaoula hukosa malisho. Wengi wao hawapatikani kwingine duniani.

Tena ziwa lenyewe linapata joto. Tafiti za mwaka 2003 zilionyesha kuwa maji ya juu hayachanganyiki vizuri na ya chini yenye rutuba, hivyo chakula cha dagaa na migebuka hupungua. Kuwataka wavuvi pekee wapumzishe nyavu, kama ilivyokuwa mwaka 2024, huku tope likishuka, ni kuwaonea.

Ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi iliingizwa katika Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu mwaka 2000. Hivyo wenye dhamana wazuie kilimo kwenye kingo za mito, na miche ya miti iwe tayari kabla ya mvua za Novemba.