Kebo yao inapozwa na maji, sisi tunalala gizani

Vijana wenzetu wa Walikale, wa Masisi, wa Goma, na nyinyi mulioko mbali,

Leo tunawaletea habari ya kebo.

Huko Ulaya, Marekani na China kuna kebo za kuchaji gari za umeme haraka sana. Ndani yake, pembeni ya nyaya za shaba, kunapita mipira midogo yenye maji ya kupoza. Kwa nini maji? Kwa sababu umeme ukipita kwenye waya, waya unapata moto. Ukizidisha umeme mara mbili, joto linazidi mara nne. Wangeweza kuongeza shaba, lakini kebo ingekuwa nzito hata mutu ashindwe kuinyanyua. Njo maana wakachukua akili ya radiateri ya gari: maji yanazunguka, yanabeba joto, yanaenda kupozwa, yanarudi. Tesla ilileta vituo vya kilowati 250 vyenye kebo za namna hiyo mwaka 2019. Leo kuna vituo vya kilowati 400.

Tupige hesabu. Umeme wa kilowati 400, kwa dakika moja tu, unatosha kujaza simu zaidi ya 300. Sisi hapa, simu moja tunaipeleka kwa mwenye solaire, tunalipa, tunaiacha, tunarudi jioni. Na kama jua halikuwaka, tunarudi kesho.

Mutauliza: hiyo kebo inatuhusu nini? Inatuhusu sana. Shaba yake inaweza kutoka Lualaba ao Haut-Katanga, maana Kongo ni kati ya inchi za kwanza duniani kwa shaba. Na ndani ya mashine ya kuchaji, ndani ya gari, ndani ya simu unayosomea maneno haya, vipande vya elektroniki vinachomelewa kwa bati. Si mabati ya nyumba, ni ile metali inayotoka kwenye kasiterite. Karibu nusu ya bati yote ya dunia inaenda kwenye kazi hiyo ya kuchomelea. Na Bisie, hapa hapa Walikale, mwaka 2024 mgodi wa Alphamin ulitoa zaidi ya tani 17.000, karibu 6 kwa mia ya bati yote ya dunia.

Mukumbuke mwezi wa tatu 2025. Tarehe 13 kampuni ilisimamisha kazi kwa sababu vita ilikuwa inakaribia. Tarehe 19 M23 iliingia Walikale-centre. Bei ya bati ilipanda mara moja kwenye soko la London. Ni kusema dunia ilisikia kwamba kasiterite imekosekana. Lakini watu waliokimbilia porini na watoto mgongoni, wao hawakuonekana kwenye bei yoyote.

Kuna wenye kusema: basi dunia iache kununua madini ya Kongo. Sisi tunakataa. Mwezi wa tisa 2010 rais Kabila alifunga machimbo ya Kivu zote mbili na Maniema mpaka mwezi wa tatu 2011. Nani aliumia? Muchimbaji, mama muuza chakula, mwanafunzi aliyekosa minerval. Wenye bunduki hawakulala njaa.

Hatuombi huruma. Tunaomba sheria ifuatwe. Code minier ya 2018 inasema wazi: kwenye redevansi ya madini, 50 kwa mia ni ya serikali kuu, 25 ya provinsi, 15 ya entité ya mahali mgodi uko, 10 ya mfuko wa vizazi vijavyo. Tena kampuni inatoa 0,3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Maandishi iko. Swali letu ni moja: mwanga iko wapi?

Kwa hiyo tunadai:

1. Viongozi wa sekta, wa teritware na wa provinsi watangaze kila miezi mitatu ni franga ngapi zimeingia kutoka madini na zimefanya nini. Zibandikwe ukutani, si kufichwa kwenye droo.

2. Umeme wa kwanza uende kwenye maternité, vituo vya afya na shule. Mito tuko nayo. Hatuombi kilowati 400, tunaomba mama asizae kwa tochi ya simu.

3. Barabara ya RN3, kutoka Bukavu kupita Walikale mpaka Kisangani, itengenezwe kwa ajili ya watu pia, si kwa malori ya madini tu.

4. Vijana wa hapa wafundishwe umeme na ufundi wa migodi. Tuko na diploma za chuo kikuu ndani ya mifuko ya plastiki, mvua isizilowanishe. Tumepeleka dosia mpaka tukachoka.

Wewe unayesoma, uliza kiongozi wako swali hilo la redevansi wiki hii. Uliza kwa heshima, uliza mbele ya watu, na uandike jibu lake. Akikataa kujibu, andika hivyo pia, tutakusanya majibu yote pamoja.

Wameweza kupoza waya ili gari isingoje. Sisi tumengoja miaka mingi. Inatosha.