Majira Manne ya Ugenini na Rangi Zetu za Garissa

Imezuka miongoni mwa wanafunzi wetu, hasa wasichana wa vyuo na wa shule za upili, hamu ya kutaka kujua majira yao. Hawaulizi mvua itanyesha lini. Wanauliza iwapo wao ni watu wa majira ya kuchipua, ya kiangazi, ya kupukutika majani ama ya baridi. Kuna elimu moja iliyotoka ng'ambo, na ambayo siku hizi huenezwa kwa simu za mkononi, inayodai kwamba kila binadamu ana majira yake, na kwamba kila majira yana rangi za nguo zinazompendeza mwenyewe. Kabla hatujaivaa elimu hiyo, yafaa tuipime.

Chimbuko lake ni Ulaya. Johannes Itten, mchoraji wa Uswisi aliyepata kufundisha katika shule ya sanaa ya Bauhaus nchini Ujerumani, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1961 kwamba wanafunzi wake walielekea kuchagua rangi zilizoafikiana na nyuso na nywele zao. Yeye pia alizilinganisha rangi na majira manne ya mwaka. Baadaye, mwaka 1980, Carole Jackson wa Marekani alitoa kitabu Color Me Beautiful, kilichowagawa watu wenyewe katika majira hayo. Watu wa kuchipua na wa kupukutika walipewa rangi za joto, zile zenye umanjano ndani yake. Wa kiangazi na wa baridi wakapewa rangi za ubaridi, zenye ubuluu.

Mwanaisimu hushtuka hapo hapo, kwa sababu neno halisafiri peke yake. Husafiri na nchi yake. Katika mpango huu, rangi za kiangazi ni rangi hafifu na za kutuliza, kama buluu iliyopauka na waridi ya mbali. Mwambie mfugaji wa Garissa kwamba kiangazi ni ubaridi na utulivu! Mji wa Garissa uko karibu nusu digrii tu kusini mwa ikweta. Hapa hakuna theluji, wala miti haipukutishi majani kwa ajili ya baridi. Wasomali wana majira manne yao: Gu, mvua kubwa za kuanzia Aprili; Hagaa, miezi ya upepo; Deyr, mvua za mwisho wa mwaka; na Jilaal, ukame mkali wa kuanzia Januari. Kati ya mwaka 2020 na 2023 misimu mitano ya mvua ilikosekana kwa mfululizo, na mifugo wengi wakafa. Kwetu sisi, basi, majira ni uhai na mauti, na mtu hawezi kugawiwa kama kitambaa.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Mpango huo wa mwaka 1980 uliwatenga watu weupe kwa makini, kwa kupima nywele za dhahabu, nyekundu na kahawia, na macho ya buluu na ya kijani. Ulipowafikia watu weusi, wengi wao uliwatia katika kapu moja la baridi. Mtu wa baridi naye hukatazwa rangi ya machungwa, ya dhahabu na ya kahawia. Sasa mtazame mwanamke wa Garissa aendaye harusini, amevaa dirac nyepesi ya rangi ya dhahabu, garbasaar mabegani na hina mikononi. Kwa sheria hiyo amekosea kuanzia kichwani hadi kuchani. Na mzee aliyetia ndevu zake hina, je? Bila shaka huamkia katika baridi na kushinda katika kupukutika.

Tunaweza kucheka, lakini jambo lenyewe si la kuchekesha. Msichana anayeambiwa kwamba ngozi yake haipatani na rangi za mama yake na bibi yake hatakawia kuitilia shaka ngozi yenyewe. Wauzaji wa krimu za kuchubua ngozi, ambazo baadhi yake zina zebaki, wanamngoja mlangoni.

Je, yote ni upuuzi? La hasha. Kuna ukweli ndani yake, na ukweli huo ni mkongwe kuliko kitabu cha 1980. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alikuwa msimamizi wa utiaji rangi katika kiwanda cha mazulia cha Gobelins, Paris. Wafumaji walilalamika kwamba nyuzi nyeusi zilionekana dhaifu. Akachunguza, akaona kwamba rangi haikuwa na kosa. Jirani yake ndiye aliyeidhoofisha. Mwaka 1839 alichapisha matokeo yake: rangi mbili zikikaa pamoja, kila moja huibadilisha nyenzake machoni petu. Nguo ya kijani, kwa mfano, huuongezea uso wekundu, na nyekundu huuvutia uso upande wa kijani.

Kanuni hii yatuhusu watu wa Kaskazini Mashariki kuliko wengi. Wataalamu wa majira huzitazama pia nywele, na hapa nywele za wanawake wengi zimesitiriwa. Jirani wa uso ni hijabu. Rangi ya hijabu, basi, hufanya kazi ambayo kwingineko hufanywa na nywele, na anayeichagua kwa makini ana haki ya kufanya hivyo. Wala hahitaji kumlipa mtu. Na asimame mlangoni asubuhi, penye mwanga wa jua, si chini ya turubai la sokoni, maana turubai la buluu hutia ubuluu kila kitu. Aweke kitambaa kimoja chini ya kidevu, kisha kingine, na atazame uso badala ya kitambaa. Kitambaa kikitangulia kuonekana, hakimfai; uso ukitangulia, amepata.

Na maneno ya kuzitaja rangi tunayo. Mwaka 1969 Brent Berlin na Paul Kay walidai kwamba lugha huanza na majina ya weusi na weupe, kisha wekundu. Kiswahili kinaafikiana nao: vivumishi vyetu vya asili vya rangi vinavyochukua upatanisho ni vitatu tu, -eusi, -eupe na -ekundu. Nyingi kati ya zilizobaki tulizichuma katika mazingira yetu: kijani katika jani, kijivu katika jivu, kahawia katika kahawa, zambarau katika tunda lake. Hata ngozi tuliipatia jina la heshima, maji ya kunde, na jina hilo halimwamrishi mtu avae nini.

Nawaomba walimu wenzangu wa lugha na wa sanaa waligeuze somo hili kuwa kazi ya darasani. Wanafunzi na wakusanye majina ya rangi na ya rangi za ngozi kwa Kisomali, Kiorma, Kimunyoyaya, Kipokomo na Kiswahili. Wawaulize wazee kila jina lilichumwa wapi. Kisha walete vitambaa vya nyumbani wajaribu kanuni ya Chevreul kwa macho yao wenyewe. Watajifunza isimu, sayansi na sanaa kwa siku moja.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri. Majina ya kuazima nayo ni vivyo hivyo. Mwanafunzi akijua kuitaja rangi ya ngozi yake kwa lugha ya kwao, bila haya wala majivuno, hatamhitaji mgeni wa kumwambia kwamba yeye ni baridi.